Boya, Chelezo na Jaketi la Mpiga Mbizi

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ziko mbali na pwani, lakini hazikosi maziwa: Tlawi upande wa Mbulu, Basotu na Balangida upande wa Hanang. Mwalimu afundishaye kanuni ya Archimedes huko, mbele ya watoto ambao wengi wao huzungumza Kiiraqw au Kidatoga nyumbani, hana budi kutumia maneno yaliyozaliwa baharini. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo kwa kifaa kimoja kigeni: vazi limwezeshalo mpiga mbizi kuzama, kuibuka, au kutulia katikati ya maji apendavyo.

Boya tulilipata kwa Wareno. Chelezo ni letu, nalo limetokana na kueleza, yaani kufanya kitu kielee. Na ni ajabu ya lugha hii kwamba jambo likieleweka twasema limetuelea. Kinyume cha boya ni chubwi, kile kipande cha risasi kizamishacho mshipi wa mvuvi.

Kifaa chenyewe ni cha juzi. Mwaka 1943 Wafaransa Cousteau na Gagnan walikamilisha chombo cha kupumulia chini ya maji, na wapiga mbizi wakajizamisha kwa mikanda ya risasi. Lakini vazi la mpira hubanwa na kanieneo kadiri mtu ashukavyo. Uwezo wake wa kuelea hupungua, naye huzidi kuzama. Mwaka 1961 Mfaransa mwingine, Maurice Fenzy, alipata hataza ya mfuko wa kujazwa hewa uvaliwao shingoni. Katika miaka ya 1970 ukaenea ule wa umbo la jaketi.

Tuliiteje? Wengine hulitaja kama jaketi okozi. Hatukubali. Jaketi okozi hujua kazi moja tu, kumweka mtu juu ya maji. Afisa wa wilaya akiagiza vifaa vya uokoaji kwa jina hilo, mpiga mbizi aweza kuletewa vazi lisilomruhusu kuzama. Jaketi elezi nalo litawachekesha walimu wa sarufi, ambao kielezi chao ni kingine kabisa. Sisi twapendekeza jaketi sawazishi, kwa sababu kazi yake ni kusawazisha boya na chubwi. Avaaye na aitwe mpiga mbizi, maana mzamiaji mitaani ni yule ajifichaye melini aende ng'ambo.

Msamiati huu una hesabu yake. Lita moja ya maji ya bahari huzidi ile ya maji baridi kwa gramu 25 hivi. Aliyetulia sawasawa baharini, akiwa na uzito wa kilo 100 pamoja na vyombo vyake, akija Basotu atapunguza chubwi zipatazo kilo 2 na nusu. Asipopunguza, jaketi litabeba mzigo usio wake. Ama Balangida, lenye chumvi na lipungualo sana wakati wa kiangazi, hesabu yake hubadilika kwa majira, na huko chubwi ndizo zitakazoongezwa.