ANAS NA POMBE YA NYUMBANI



Ndugu yangu mzazi, zingatia kisa hiki. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na miaka 10 hivi Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina, mwaka 622. Alilelewa na mama yake, Ummu Sulaym, na baba wa kambo, Abu Talha (r.a.).

Siku moja, pombe ikiwa bado haijaharamishwa, wazee walikuwa kwa Abu Talha wakinywa pombe ya tende. Nani alikuwa akiwamiminia? Anas, mdogo wao. Hakuifuata mtaani, aliikuta nyumbani, kwa wakubwa wake.

Mara mnadi akatangaza: pombe imeharamishwa! Abu Talha akamwamuru Anas atoke aimwage. Hawakungoja kumaliza vikombe. Vichochoro vya Madina vikatiririka pombe. Anas akaishi miaka zaidi ya 90, akatuachia hadithi zaidi ya 2,000.

Sasa tujitazame. Unga uliingia pwani yetu miaka ya 1980. Vijana wa wakati ule leo ni wazazi. Mtoto wa mvutaji hulala na hofu, huona ada ya shule ikiishia kwenye kete, na siku ya kujaribu haoni jambo geni. Kisha tunalaumu marafiki wabaya!

Ndugu yangu, utamkatazaje mwanao na kete iko mfukoni mwako? Imwage leo, naye aone. Ikikushinda peke yako, Muhimbili wanatoa methadoni tangu 2011. Kutibiwa si aibu.

Allah atuhifadhi sisi na vizazi vyetu. Amin.