Akina Mama wa Thika na Ruiru: Habari za Maji na Mabati

Mwanafunzi asafiriye leo kutoka Nairobi kwenda Thika kwa njia ya Ruiru huona mapaa ya mabati kila upande, wala hadhani kuwa bati ni jambo la historia. Lakini ni historia, tena ya akina mama.

Zamani za ukoloni nchi hii ilikuwa mashamba ya kahawa na katani ya walowezi, na juu yake, upande wa Gatundu na Githunguri, walikaa Wakikuyu. Kuteka maji ilikuwa kazi ya mwanamke. Aliteremka mtoni, akapanda kilima na mzigo mgongoni, ukamba umemkaza kwenye paji la uso. Kufikia 1950 bwawa la Ruiru lilikwisha jengwa, na maji yake yakaenda kwa bomba mpaka Nairobi.

Mwaka 1954, katika Hali ya Hatari, serikali iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja wakae katika vijiji vyenye ulinzi. Wanaume wengi walikuwa vizuizini. Kwa hiyo wanawake ndio waliojenga nyumba na kuchimba mahandaki, kwa amri na bila ujira. Msongamano ulileta maradhi. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa 1952 chini ya serikali, kilifundisha usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Wako walioingia wakitumaini kuponea kazi za lazima, na wako waliokikwepa kama chombo cha mtawala. Mimi siwalaumu wale wala hawa.

Je, walichukia kazi yenyewe? Hasha. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a, majirani wa Thika, walikataa kuchimba matuta. Walichokataa si jembe, bali kushurutishwa. Ushahidi ni yale waliyoyafanya wenyewe baada ya uhuru wa 1963.

Katika miaka ile vilienea vikundi vya mabati. Kila mama alitoa shilingi chache, aghalabu za ujira wa kuchuma kahawa. Fedha zikitosha, ziliezeka nyumba ya mmoja wao, kisha ya mwingine, kwa zamu, kama desturi yao ya kale ya ngwatio. Paa la nyasi hushika masizi na wadudu, na maji yake hutoka machafu. Bati huyatiririsha safi mpaka pipani. Mama mwenye pipa mlangoni aliokoa safari nyingi za mtoni, na watoto wakaoga.

Jambo lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ule mfuko. Hati za mashamba zilizotolewa tangu mwisho wa miaka ya 1950 ziliandikwa zaidi majina ya wanaume. Fedha za kikundi zilikuwa mikononi mwa wanawake, wakichagua wenyewe mwenyekiti na mtunza hazina. Baada ya mabati, vikundi vingi viligeukia matangi, ng'ombe wa maziwa, hata kununua ardhi.