Maji inapanda ao inashuka? Namna ya kusoma mto kabla ya kupita kwenye maji ya kasi

Mashariki mwa Kongo, mto ni barabara. Kuna wanaovuka kwa mtumbwi kwenda shamba, kuna wanaoteremsha ndizi na mafuta ya mawese mpaka sokoni, na kuna wanaopiga kasia kwa mchezo tu. Wote, wakifika pale mto unapita katikati ya mawe na kugeuka povu, wanakutana na swali moja: leo tunapita ao hatupiti?

Wengi wanajibu kwa kuangalia kama maji ni mengi ao ni kidogo. Hiyo haitoshi. Maji kidogo yana hatari yake, na maji mengi yana yake. Cha kuuliza kwanza ni hiki: maji yanapanda ao yanashuka? Mto unaopanda unaweza kukukuta katikati, na njia uliyoiona ukiwa kando ukaikuta imekwisha kupotea.

Kila mto na mwendo wake

Mito midogo ya milimani inapanda kwa saa moja ao mbili tu. Wakaaji wa Kalehe, Kivu Kusini, hawajasahau mwezi wa tano 2023, wakati mito ilipofurika Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Kwa mito ya namna ile usiangalie anga ya juu ya kichwa chako peke yake. Angalia mlima. Kwako jua linawaka, lakini kama kule juu kumekuwa giza, maji yako njiani.

Lualaba ni tofauti. Maziwa na mabwawa ya Upemba yanapokea maji ya mvua na kuyaachilia polepole, kwa hiyo mto huu mkubwa unabadilika kwa siku na majuma. Lukuga, unaotoka Ziwa Tanganyika pale Kalemie, unafuata ziwa: ziwa likijaa, Lukuga nao unakaa juu kwa miezi. Ruzizi unatoka Ziwa Kivu na kupita kwenye mabwawa ya umeme. Chini ya bwawa, maji yanaweza kupanda hata kama hakuna tone la mvua, juu ya kazi ya mashini na milango ya bwawa.

Alama za kuangalia

Rangi. Maji yaliyokuwa safi jana na leo yamekuwa na rangi ya udongo yanaleta habari ya mvua ya juu.

Takataka. Majani mabichi, matawi na povu vikianza kupita kwa wingi, mto unaokota vitu kwenye kando zake. Unapanda.

Kando ya mto. Ukiona mstari wa matope mabichi ao mawe yenye kulowana juu ya maji, maji yanashuka. Ukiona nyasi za kijani zimezama, na udongo ni mkavu mpaka pale maji yanapofikia, maji yanapanda.

Sauti. Mlio wa kila siku ukibadilika, mawe yaliyokuwa nje yamefunikwa ao yaliyofunikwa yametoka. Usipite kabla ya kwenda kuangalia kwa macho.

Mti wa kupima

Simika mwanzi ao mti pale maji yanapotulia, uuchonge alama kila sentimeta 10. Soma jioni, soma asubuhi, soma tena kabla ya kuondoka. Namba moja haisemi mambo mengi, lakini namba tatu zinaonyesha mto unaelekea wapi. Ku bandari kubwa, sawa vile Kindu na Kisangani, kuna vipimo vya mto. Kama uko karibu, uliza wasomaji wake.

Lakini usidanganyike na kipimo cha mahali papana. Bandarini maji yana nafasi ya kutawanyika. Pale mto unapobanwa kati ya kuta za mawe, kama Portes d'Enfer karibu na Kongolo, maji yaleyale hayana pa kwenda isipokuwa juu na mbele. Kupanda kidogo bandarini ni kupanda sana kwenye korongo.

Pima pia mwendo. Tupa kipande cha mti, uhesabu sekunde kwa umbali wa meta 20. Kikipita kwa sekunde 10, maji yanakwenda kilometa 7 kwa saa, kushinda mutu anayetembea. Na ukumbuke hesabu hii: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya maji inazidi mara nne.

Kusoma maji ya kasi yenyewe

Shuka kwenye mtumbwi, tembea kando, angalia kutoka juu mpaka mwisho. Mahali maji yanachora alama ya V yenye ncha inayoelekea chini ya mto, hapo kwa kawaida kuna njia kati ya mawe mawili. Ncha ikielekea juu, kuna jiwe limejificha. Povu likirudi nyuma na kuzunguka palepale, ogopa: maji hayo yanashika mtumbwi na mutu, na hayaachilii kwa urahisi.

Maji yakiwa kidogo, hatari ni mawe: mtumbwi unapasuka, mguu unakwama. Yakiwa mengi, mawe yanafunikwa na mto unaonekana laini. Ndipo wengi wanadanganyika. Pale nyuma ya mawe ambapo ungepumzika panapotea, na maji yanaingia kwenye miti ya kando, ambako matawi yanaachilia maji kupita lakini yanashika mutu. Ukianguka, lala chali, miguu ielekee chini ya mto, usijaribu kusimama. Kabla ya yote, vaa jile.

Kubeba mtumbwi si aibu

Wavuvi Wagenia wa Kisangani wanajua kila jiwe la poromoko lao, na hawaingii kila mahali kila siku. Maporomoko ya Boyoma ni saba, kati ya Ubundu na Kisangani. Msafara wa Stanley, mwanzo wa 1877, ulilazimika kukokota mitumbwi kwa nchi kavu. Reli iliyofunguliwa 1906 kati ya miji hiyo miwili ilijengwa juu ya sababu ileile: pale mto unapokataa, mutu anazunguka.

Hata maji yakiwa mazuri, mto una mambo mengine. Mwezi wa 12 mwaka 2010, Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, mpiga kayaki mwenye uzoefu mkubwa sana, alikamatwa na mamba ku Lukuga. Kwa hiyo waulize wavuvi juu ya maji, na juu ya mamba pia.

Kwa kijiji chenye kivuko, jambo la maana ni kukubaliana pamoja juu ya jiwe moja la alama. Kichwa chake kikifunikwa, hakuna mtumbwi unaopita, hata kama ni siku ya soko, hata kama abiria wamekwisha kulipa. Sheria hiyo iwekwe siku ambayo maji yametulia. Siku mto unanguruma na watu wana haraka, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kubishana vizuri.