Shokapu za pikipiki: hudumu muda gani, zibadilishwe lini

KATIKA Nyarubungo na maeneo mengine ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, pikipiki hubeba abiria, mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na hata wagonjwa wanaowahishwa zahanati. Uzito wote huo hupokelewa na shokapu, kifaa ambacho wamiliki wengi hukikumbuka pale tu kinapoanza kugonga.

Shokapu hufanya kazi kwa vitu viwili. Springi hubeba uzito na kupokea kishindo cha shimo, na oili iliyomo ndani ya bomba hupita katika matundu madogo na kuizuia springi isirushe chombo juu. Springi huchoka polepole, bali oili na sili huchakaa mapema. Ndiyo maana pikipiki huweza kuonekana imesimama vizuri ilhali shokapu zake zimekwisha nguvu.

Muda wa matumizi

Uhai wa shokapu hupimwa zaidi kwa kilometa kuliko kwa miaka. Oili ya shokapu za mbele kwa kawaida hubadilishwa kati ya kilometa 10,000 na 20,000. Shokapu za nyuma, katika barabara nzuri, huweza kufikia kilometa 30,000 hadi 50,000.

Mwendesha bodaboda anayekwenda kilometa 100 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, hutimiza kilometa 30,000 ndani ya mwaka mmoja. Mtumishi anayekwenda kilometa 20 kwa siku hizo hizo huchukua miaka 5 kufika hapo.

Barabara nayo hupunguza muda huo. Barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, ni ya lami, lakini njia nyingi za kuingia vijijini ni za udongo. Vumbi la kiangazi na tope la masika hunata kwenye bomba la shokapu ya mbele na kukwaruza sili, hatimaye oili huvuja. Uzito uliozidi huharakisha uchakavu; kupakia abiria zaidi ya mmoja, maarufu kama mishikaki, ni kosa kisheria pia.

Dalili za kuchakaa

Dalili ya kwanza ni oili kuonekana kwenye bomba. Nyingine ni pikipiki kuzama sana mbele inapofungwa breki, kugonga chini katika mashimo, kuyumba kwenye kona na tairi kulika kwa mabonde.

Kipimo chepesi ni kukandamiza kiti kwa nguvu na kukiachia. Shokapu nzima hurudi mara moja na kutulia. Iliyochoka hudunda mara kadhaa.

Kukarabati au kubadili

Shokapu ya mbele inayovuja mara nyingi huponywa kwa sili na oili mpya, iwapo bomba halijapinda wala kuota kutu. Ijazwe oili ya shokapu kwa kiwango kinachotajwa na mtengenezaji, na pande zote mbili zilingane. Shokapu nyingi za nyuma za pikipiki za bei nafuu hazifunguliwi. Zikivuja hubadilishwa, na zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa moja mpya na moja chakavu huvuta gurudumu upande.

Kuahirisha matengenezo ni hatari. Gurudumu linalodunda huachana na ardhi, na breki haiwezi kusimamisha gurudumu lisilogusa barabara. Oili inayotiririka hadi kwenye diski huinyima breki nguvu yake, jambo la kuogopwa zaidi katika miteremko ya Ngara, pikipiki ikiwa na abiria nyuma.

Mmiliki anashauriwa kufuta mabomba kila siku na kuandika kilometa kila anapobadili oili au sili.