Ulinganishaji wa kipande na mchoro wa kompyuta
Ni hatua ya upimaji ambapo programu huoanisha mihimili ya kipande halisi na ile ya mchoro wa kompyuta. Kipande huru kina njia 6 za kusogea: 3 za kwenda na 3 za kuzunguka. Kanuni ya 3-2-1 huzifunga zote: nukta 3 kwenye uso mkuu, 2 ubavuni, 1 mwishoni. Wapo wanaopendelea programu itafute yenyewe mkao wenye tofauti ndogo kabisa, wakidai kuwa nukta nyingi hupunguza makosa. Hoja hiyo ina uzito kwa nyuso zilizopinda. Lakini mkao huo hutawanya kosa la tundu moja kila mahali, na kipande kibovu huweza kupita. Boliti itakayoingia kwenye tundu hilo haijui wastani. Ndiyo maana nyuso za rejea alizozitaja msanifu, kwa mpangilio unaoelezwa na kiwango cha ISO 5459, hutangulizwa.