Singo, Chuku na Matende: Historia ya "Detoksi" Kabla Mastaa Hawajafika Makangale

Wadau, hii picha mshaiona mara mia. Mdada mwenye tiki yake ya bluu (majina kapuni, hatutafuti kesi), taulo jeupe kichwani, matango machoni, mikono ya mtu inamkanda shingo. Chini kaandika kwamba anasafisha limfu, anatoa sumu mwilini, anaponya tumbo na moyo kwa pamoja. Laiki zinamiminika, na dakika tano baadaye linawekwa tangazo la chai.

Ukitaka kupiga picha hiyo pasipo kelele za mji, nenda Makangale. Ni kule juu kabisa kaskazini mwa Pemba, Wilaya ya Micheweni. Unatoka Konde, unaingia kwenye giza la msitu wa Ngezi, miti imefunga juu kama dari, halafu ghafla unatokea ufukweni. Huko ndiko kuna kile chumba maarufu kinachoelea baharini, kitanda kipo chini ya maji na samaki wanakuchungulia dirishani. Mtu anayelala humo hawazi bei ya kukandwa.

Ila sehemu hiyo hiyo ina historia ndefu ya haya mambo matatu yanayouzwa leo kwenye pakiti moja: limfu, tumbo na moyo. Na historia yenyewe si ile wanayokusimulia kwenye matangazo.

Tuanze na singo, maana ndiyo inayopendwa zaidi. Ni ule mchanganyiko wa kusugulia mwili wa bi harusi: karafuu, liwa, mawaridi, asumini, mlangilangi, unasagwa, unapakwa siku kadhaa mpaka ngozi inang'aa na mtu ananukia hata akiwa amelala. Matangazo yatakwambia ni siri ya maelfu ya miaka. Taratibu jamani. Mikarafuu ilianza kupandwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Pemba yenyewe iliipiku Unguja baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja. Kwa hiyo singo ya karafuu ina umri wa mabibi wa mabibi zetu, na ndani yake kuna historia ya mashamba, tena mashamba yaliyolimwa na watu waliofanywa watumwa. Hilo huwezi kulikuta kwenye kichupa cha spa.

Kitu kingine ambacho watu wa mjini wamekigundua upya ni mkanda wa tumbo. Bibi yako alikuwa na mkaja. Mwanamke akijifungua, anakandwa kwa maji ya moto, tumbo linafungwa kwa kitambaa, na kwa siku arobaini kuna mtu anakuja kila siku: anamkanda, anamlisha uji wa pilipili manga, anambeba mtoto ili mama alale. Kwangu mimi kitambaa ni kipande kidogo tu cha hadithi. Kikubwa ni kwamba kwa siku arobaini mama hakuachwa peke yake. Leo tunanunua mkanda, tunaufunga, tunabaki chumbani na mtoto analia saa nane za usiku. Halafu tunashangaa mbona haujaleta yale aliyokuwa anayasema bibi.

Kisha kuna chuku. Ile inayoitwa hijama leo, vikombe mgongoni na alama za duara ambazo wachezaji na mastaa wanazionyesha kwa makusudi, pwani hii iliitwa kuumika, na pembe iliyotumika ndiyo chuku. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said aliyetorokea Ujerumani, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa 1886. Anaeleza jinsi kuumika kulivyokuwa dawa ya kila kitu katika Zanzibar ya utoto wake. Hakuwa shabiki. Anaeleza pia kombe: aya zinaandikwa kwenye sahani kwa zafarani, zinaoshwa, mgonjwa anakunywa. Mpaka leo lipo. Na Kiswahili chenyewe kilishatoa maoni yake kuhusu chuku zamani: mtu anayetia chumvi kwenye habari tunasema "anapiga chuku." Pembe inavuta ngozi mpaka inavimba, muongo anavuta stori mpaka inavimba. Sijui nani aliunda msemo huo lakini namheshimu.

Upande wa tumbo nitapita haraka, ila sanamaki lazima niitaje. Majani hayo yamepita mikononi mwa Waarabu na Waswahili kwa karne nyingi kama haluli, yaani dawa ya kuharisha. Watu wazima waliinywa mara moja moja mtu akifunga choo, basi. Sasa angalia nyuma ya pakiti nyingi za "chai ya kupunguza tumbo" na utalikuta jina lake la kitaalamu, senna. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa huko juu. Unachopoteza ni maji na chumvichumvi za mwili, siyo mafuta. Kilo mbili zinatoka Jumatatu, Jumatano zimerudi. Ukiinywa kila siku kwa miezi, utumbo unazoea na unagoma bila hiyo chai. Mabibi walijua ni dawa ya siku moja, tukaja sisi tukaigeuza kifungua kinywa.

Moyo je? Hapa ndipo jina la Pemba lilipovuma duniani, na si kwa wema. Evelyn Waugh, mwandishi wa Uingereza, aliandika miaka ya 1930 kwamba Pemba ndiyo kitovu cha elimu ya uchawi na kwamba watu hufunga safari kutoka mbali kwenda kusomea. Wageni walipenda sana hadithi hiyo, na ukweli ni kwamba hata sisi tunaipenda. Hata kule mjini Unguja, pepo wenye asili ya Pemba wana jina lao kabisa, rubamba, tofauti na ruhani wa Kiarabu na kibuki wa Bukini. Mashekhe wengi wanapinga ngoma hizo na wana hoja zao, siingilii. Ila watafiti waliokaa na wanaopungwa wanaeleza kitu cha kufikirisha: pepo akipanda, anadai. Anataka kanga mpya, anataka udi, anataka mume amheshimu huyu mwanamke. Mtu ambaye nyumbani haruhusiwi kulalamika anapata usiku mzima wa kusikilizwa na watu wote, na hakuna wa kumgombeza kwa sababu aliyesema ni pepo. Ukitoa uvumba na ngoma, nini kimebaki? Kiti, mtu wa kukusikiliza, na ruhusa ya kusema. Nasaha inauza hivyo hivyo kwa saa. Lakini pia kuna maradhi ya akili yanayohitaji daktari na dawa, na yule aliyezungushwa kwa waganga miaka mitatu kabla ya kufikishwa Kidongo Chekundu amepoteza miaka mitatu.

Sasa limfu. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Ule mkando laini wa limfu unaouzwa spa si wa kale na si wa Kiafrika. Uliasisiwa na mtu na mkewe kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, wakiwa Ufaransa, wakautangaza Paris mwaka 1936. Ni tiba ya kweli kwa watu wenye uvimbe wa limfu, mfano baada ya upasuaji wa saratani ya matiti. Mtu mzima asiye na tatizo anapata raha tu, na raha si dhambi. Limfu haina moyo wa kuisukuma kama damu, inasogezwa zaidi na misuli yako ukitembea na ukipumua. Kutoka Makangale kwenda Verani kwa miguu ni mkando tosha.

Ila Pemba, limfu ilikuwa na jina lingine zamani. Iliitwa matende. Na kwa wanaume, mabusha.

Mbu anauma usiku, anaacha vijidudu, vinakua kuwa minyoo mirefu myembamba kama uzi, inakaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka na kuiharibu. Mguu unavimba, ngozi inakuwa ngumu, homa inakuja na kuondoka. Watu walijaribu yote niliyoyataja hapo juu: kuumika, kombe, majani, kukandwa, kupungwa. Hakuna hata kimoja kilichofika kwa yule mnyoo. Kuna waliofichwa ndani, waliokosa kuoa, walioambiwa wamekanyaga kitu kibaya. Fikiria hilo unaposikia mtu anaimba "safisha limfu" kwa sauti ya mapenzi.

Kilichofanya kazi hakina picha nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi kule kusini Unguja, watafiti waliwapa watu dawa na kumwaga vipunje vya plastiki nyeupe, kama ile inayofungiwa televisheni mpya, kwenye vyoo vya shimo. Vipunje vinaelea, vinafunika maji, mbu hawezi kuzaliana. Choo, jamani! Maambukizi yakaporomoka. Halafu 2001 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ikaanza kumeza dawa mara moja kwa mwaka, ivamektini na albendazoli. Hiyo ya pili inaua pia minyoo ya tumbo, kwa hiyo kama kuna detoksi ya tumbo iliyowahi kufanyika Pemba kwa ukweli, ni ile, tena bure. Konde, mji wa jirani kabisa na Makangale, ulikuwa moja ya sehemu za kupimia: watu wanachomwa kidole usiku, kwa sababu vijidudu hivyo hutoka kwenye damu usiku, mchana vinajificha.

Mwaka 2006 ugawaji ukasimamishwa, kila mtu akidhani kazi imekwisha. Uchunguzi wa 2012 ukaonyesha maambukizi hayajakatika. Mwaka uliofuata dawa zikarudi. Hakuna staa aliyeposti.

Na kwa wale ambao mguu ulishavimba, dawa haiurudishi ulivyokuwa. Kinachowasaidia ni kitu ambacho bibi yeyote wa Makangale angekielewa bila semina: kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kukausha vizuri katikati ya vidole, kutibu kila mchubuko mdogo, kuunyanyua mguu ukikaa, kuzungusha kifundo. Bakteria hawapati mlango, homa zinapungua, mtu anarudi shambani. Ndoo, sabuni ya kipande, kitambaa kisafi, na mtoto au jirani wa kusaidia kwa anayeshindwa kuinama. Mabusha yanafanyiwa upasuaji.

Kwa hiyo kama una mjomba au shangazi ambaye mguu wake mmoja unavimba na anatafuta pesa ya kwenda kusafishwa limfu kwa mtu aliyemuona kwenye simu, mpeleke kituo cha afya wiki hii. Singo mpake harusini.