Elektroni inakimbilia wapi? Tuulize TV ya chogo

Leo fizikia kidogo, na mfano wetu ni TV ya chogo, ile yenye mgongo mrefu iliyojaa majumbani kabla ya flati kuingia. Mpaka leo kuna vijana wanazifungua kutafuta shaba bila kujua kilichomo, kwa hiyo msome mpaka mwisho.

Anza na jiwe. Ukilipandisha ghorofani linakuwa na nishati hata kama limetulia tu. Hiyo ndiyo nishati tuli, inayotokana na mahali kitu kilipo. Ukiliachia, nishati ile inageuka mwendo. Chaji nayo ni hivyo hivyo, ila inayoivuta au kuisukuma ni chaji nyingine, siyo dunia. Volti ndiyo ghorofa zenyewe: zinasema kila kulombi 1 ya chaji ina jouli ngapi pale ilipo.

Hapa ndipo wengi tunachemsha kwenye mtihani, mimi nikiwemo. Tumekariri kwamba chaji inatoka volti kubwa kwenda ndogo. Kwa protoni ni sawa. Lakini nishati tuli ni chaji mara volti, na elektroni ni hasi, kwa hiyo penye volti kubwa ndipo nishati yake ni ndogo. Kwake yeye juu ndiyo chini! Shika hii tu: chaji iliyotulia ikiachiwa, inaelekea kule nishati tuli yake inakopungua, iwe chanya au hasi.

Sasa turudi kwenye chogo. Kule nyuma shingoni kuna kipande kinachopashwa moto mpaka elektroni zinachomoka. Upande wa kioo kuna volti chanya, kama 25,000 hivi kwenye TV ya rangi. Hewa imenyonywa yote, la sivyo elektroni zingegongana nayo njiani. Kila elektroni inapoteza jouli 4 × 10⁻¹⁵ za nishati tuli na kuzipata kama mwendo. Kiduchu, ndiyo, lakini masi yake ni kilo 9.1 × 10⁻³¹ tu. Piga qV = ½mv² upate kama kilometa 94,000 kwa sekunde. Hapo tumekaribia theluthi ya mwendo wa mwanga, kwa hiyo ukirekebisha kwa hesabu za Einstein inashuka mpaka 90,000 hivi. Kuizunguka dunia mara mbili kwa sekunde na chenji inabaki! Halafu inagonga unga uliopakwa ndani ya kioo, unga unawaka, unaona picha.

Kumbe ukichomoa waya ukutani mchezo haujaisha. Kioo kimepakwa tabaka la kupitisha umeme ndani na nje, glasi katikati, yaani ni kapasita. Chaji inabaki imekaa ghorofani ikisubiri pa kushukia. Fundi mmoja mtaani kwetu aligusa ile waya nene yenye kofia ya mpira, TV ikiwa imechomolewa tangu asubuhi. Ilimrusha mpaka kwenye benchi la wateja.